Kutoka Fildi Hadi Utumishi wa Umma: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Chuo

Kila Septemba, mafunzo kwa vitendo yanapofika ukingoni, wanafunzi huniaga kwa swali lile lile: "Bosi, nafasi ikitoka mtanikumbuka?" Nimesimamia wanafunzi wa fildi kwenye halmashauri moja kwa miaka kadhaa na jibu langu halijabadilika. Hapana, hatutakukumbuka. Hata tukikukumbuka, hakuna karatasi ya kuliandika hilo.

Ajira serikalini ina mlolongo wake. Nafasi lazima iwe kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na itengewe fedha za mshahara. Kibali hutoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Kisha Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza, huchuja, husaili na kumpangia kituo aliyefaulu. Mkuu wa idara aliyekupenda hana mkono humo. Hata nafasi ambazo halmashauri huruhusiwa kuzitangaza yenyewe hushindaniwa kwa usaili. Na ukifaulu, unaweza kupangiwa Nkasi wakati fildi uliifanyia Ilala.

Fildi ina faida yake, lakini faida hiyo haiji kwa kubakizwa ofisini. Inakuja pale unapotumia wiki zako nane kukusanya yale ambayo usaili utayauliza na mfumo wa maombi utayadai. Wengi huondoka na picha za kuagana na alama ya chuo tu, na miaka miwili baadaye wanaambiwa "hujachaguliwa" bila kujua walipokosea.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa wanafunzi wa stashahada na shahada. Madaktari na baadhi ya kada za afya wana utarajali (mafunzo ya kazini) wao wa lazima kabla ya usajili, majeshi huajiri kwa njia zao, na Zanzibar ina utaratibu wake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Kadi ikichelewa, namba inatosha kuanzia.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA.
- Vyeti halisi vya kidato cha nne, na cha sita kama ulifika. Karatasi ya matokeo haitoshi; utaona sababu katika hatua ya 8.
- Barua ya utambulisho kutoka chuoni, yenye tarehe za kuanza na kumaliza fildi.
- Barua pepe yenye jina lako la kweli. Ile uliyoifungua sekondari kwa jina la mchezaji iache ipumzike.
- Daftari la fildi la chuo, na daftari lako binafsi.
- Kadi ya bima ya afya iliyo hai.
- Nauli na mahali pa kulala. Kwa wenye mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, fedha za mafunzo kwa vitendo zimo kwenye vipengele vya mkopo, hadi siku 56, lakini zinaweza kuingia ukiwa tayari kituoni. Uwe na akiba ya wiki mbili za mwanzo.

Kabla ya kitu kingine chochote, weka kitambulisho na vyeti vyote mezani, usome jina lako kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Kama moja inasema Asha Juma Mussa na nyingine Asha J. Musa, umekwisha kuona tatizo lako la kwanza. Lishughulikie ukiwa mwanafunzi. Kurekebisha jina huchukua muda, na tangazo la kazi halisubiri mtu.

## Hatua ya 1: Chagua kada kwanza, ofisi baadaye

Wanafunzi wengi huanza na jina la ofisi: wizara fulani Dodoma, mamlaka fulani Dar es Salaam. Anza na kada, yaani aina ya kazi. Fungua matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira, hata yaliyopita muda, utafute cheo kinacholingana na masomo yako: Afisa Ugavi, Afisa Maendeleo ya Jamii, Mhasibu, Msaidizi wa Kumbukumbu, Afisa TEHAMA. Nakili majukumu ya kazi na sifa za mwombaji kama zilivyoandikwa.

Sababu ni kwamba majukumu hayo ndiyo muhtasari wa mtihani wako wa usaili. Ukiyajua kabla ya fildi, utajua kazi zipi uzikimbilie ukifika.

Soma pia orodha ya shahada zinazokubalika. Programu mpya za vyuo wakati mwingine zina majina yasiyotajwa kwenye tangazo, na mwenye shahada hiyo hubaki akitegemea maneno "au sifa inayolingana nayo". Ni vizuri ulijue hilo ukiwa mwaka wa pili.

Sasa tafuta ofisi ambayo kada hiyo inafanya kazi nyingi zaidi. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na kila moja ina mhasibu, afisa ugavi, afisa kilimo na afisa utumishi. Halmashauri ndogo ya wilayani, yenye watumishi wachache na kazi tele, itakufundisha kuliko makao makuu ambako wanafunzi kumi na watano wanagombea viti vinne. Nasema hivi nikijua wengi hawatanisikiliza, kwa sababu Mtumba, kwenye mji wa Serikali Dodoma, kuna majengo mazuri ya kupigia picha.

Dalili ya mafanikio: una ukurasa mmoja wenye jina la kada, majukumu yake, na ofisi tatu za kuomba.

## Hatua ya 2: Peleka maombi miezi mitatu kabla

Barua iende kwa mkuu wa taasisi kwa cheo chake. Kwenye halmashauri ni Mkurugenzi. Mkoani ni Katibu Tawala wa Mkoa. Wizarani ni Katibu Mkuu. Usiiandike kwa jina la mjomba wako anayefanya kazi pale.

Kichwa kiwe wazi:

*YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, KITENGO CHA USIMAMIZI WA UNUNUZI, TAREHE 14 JULAI HADI 5 SEPTEMBA*

Aya tatu zinatosha: wewe ni nani na unasoma nini, unaomba kitengo gani na kwa muda gani, gharama zipi utajitegemea, na namba yako ya simu. Ambatisha barua ya chuo. Ukiandika tu "naomba nafasi popote", utapelekwa popote, na popote mara nyingi ni kwenye mashine ya kutoa nakala.

Ukiipeleka kwa mkono, nenda masijala (ofisi inayopokea barua na kutunza majalada) na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Baadhi ya taasisi hupokea maombi kwa mfumo wao wa mtandaoni. Hapo barua ya mkono itakaa tu, kwa hiyo uliza kwanza.

Subiri wiki mbili kisha fuatilia, ukitaja tarehe ya muhuri. Mtunza kumbukumbu anaweza kuitafuta barua kwa tarehe. "Ile barua yangu" haitafutiki.

Tahadhari: nafasi ya fildi haiuzwi. Anayekuomba "ya soda" ili barua ipande, TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113.

Dalili ya mafanikio: barua ya kukubaliwa yenye Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu) ya ofisi, jina la kitengo na tarehe. Ahadi ya simu si nafasi.

## Hatua ya 3: Wiki ya kwanza, fuata jalada

Hapa ndipo ningependa ukae sana, maana hapa ndipo wanafunzi wazuri darasani hupotea.

Serikali hufanya kazi kwa maandishi. Barua ikiingia, masijala huigonga muhuri, huiweka kwenye jalada lake na kuipa namba ya folio. Jalada hupanda kwa mkuu wa taasisi, naye huandika maelekezo kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara humwandikia afisa. Afisa hufanya kazi, huandaa dokezo (maelezo mafupi ya ndani ya jalada) lenye ushauri, na jalada hurudi lilikotoka. Ofisi zinazotumia e-Ofisi, mfumo wa majalada ya kielektroniki, hufuata njia ile ile kwenye skrini. Idara mbili zikitaka kuelezana jambo bila barua rasmi, huandikiana dokezo sabili.

Omba ukae masijala hata siku mbili, wewe mwanafunzi wa TEHAMA ukiwemo. Kuna kijana aliyekuja kwetu akanuna kwa kuanzishiwa huko. Alitaka kuunganisha kompyuta. Siku ya tatu aligundua kwamba nusu ya malalamiko ya mfumo yalitokana na watu kutojua jalada lao lilikwama kwa nani. Ripoti yake ya fildi aliijenga juu ya jambo hilo hilo.

Baada ya hapo, jifunze mifumo ya kitengo chako kwa kutazama. Mhasibu atakuonyesha malipo yanavyopita MUSE, mfumo wa uhasibu wa Serikali. Maafisa ugavi hutumia NeST, mfumo wa ununuzi uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Mapato ya halmashauri hupita kwenye mfumo wa TAUSI. Watumishi hupimwa utendaji kwenye PEPMIS. Huhitaji kuendesha hata mmoja. Unahitaji kueleza kwa maneno yako kila mmoja unafanya nini na nani anaidhinisha nini.

Tahadhari kubwa: usitumie nywila ya mtumishi hata akikuomba. "Nisaidie kuingiza hizi, nywila yangu ni hii" ni sentensi ya hatari. Kitendo ndani ya mfumo hubaki na jina la aliyeingia, na hoja ya ukaguzi ikija, wewe utakuwa ndiye shahidi au mshukiwa. Mjibu kwa adabu: "Shikamoo mama, naomba niketi pembeni nikusomee namba, wewe uingize." Hakuna aliyewahi kumkasirikia mwanafunzi kwa jibu hilo.

Vilevile, jalada lenye neno SIRI si lako. Na picha ya mezani kwako yenye hati nyuma yake isiende hadharani.

Dalili ya mafanikio: mwisho wa wiki ya kwanza unaweza kuchora kwenye karatasi safari ya barua moja, kutoka mlangoni hadi majibu yake.

## Hatua ya 4: Andika daftari linaloweza kusomwa na mgeni

Daftari la chuo wengi hulijaza usiku mmoja kabla ya msimamizi kuja. Huonekana mara moja: wino mmoja, mwandiko mmoja, sentensi moja.

Kuandika vibaya: *Leo nilisaidia shughuli za ofisi.*

Kuandika vizuri: *Nilipanga hati za malipo 32 kwa kufuata namba. Nne hazikuwa na risiti ya EFD (mashine ya kodi). Mhasibu alieleza kwamba hati ya namna hiyo huzua hoja ya ukaguzi, akanionyesha jinsi ya kumfuatilia mzabuni.*

Mstari wa pili una kazi, idadi, kasoro na somo. Kwenye usaili wa mahojiano ukiulizwa "tueleze tatizo ulilokutana nalo kazini", jibu lako liko hapo tayari.

Daftari lako binafsi liwe la maneno na maswali: neno usilolijua, kifungu kilichotajwa, mtu aliyekieleza. Usinakili majina ya wananchi, namba za akaunti wala taarifa za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina msamaha kwa wanafunzi.

Dalili ya mafanikio: msimamizi wako anasaini kila wiki, na anasaini baada ya kusoma.

## Hatua ya 5: Kila kazi, iulizie sheria yake

Kila unapopewa kazi, uliza swali moja: "Hili tunalifanya kwa kifungu gani?" Wengine watakuelekeza, wengine watacheka, mmoja atakufungulia kabati.

Kwa kada karibu zote, anza na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, Kanuni za Utumishi wa Umma za 2022, na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009. Ukiwa halmashauri ongeza Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, au ya Mamlaka za Miji, Sura ya 288, na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Wa ugavi asome Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Nimekutana na waombaji bado wanakariri ile ya 2011.

Usikariri vifungu mia. Chukua kazi kumi ulizofanya, uandike mbele ya kila moja sheria inayoisimamia na aliye na mamlaka ya kuidhinisha. Mtihani wa kuandika hupenda kuuliza hapo hapo, kwenye mpaka wa mamlaka: nani huidhinisha, nani hushauri, nani hutekeleza.

## Hatua ya 6: Usiondoke mikono mitupu

Wiki ya saba, si siku ya mwisho, omba vitu hivi: barua ya kuthibitisha umemaliza, yenye Kumb. Na., tarehe na kitengo. Fomu ya tathmini ya chuo iliyojazwa na kugongwa muhuri. Na ruhusa ya msimamizi kumtaja kama mdhamini wako.

Ruhusa hiyo iombe kwa mdomo na kwa heshima, kisha mwandikie ujumbe wenye jina lako kamili, chuo, mwaka na kazi mbili ulizofanya naye. Baada ya miaka miwili mtu akimpigia simu, atakuwa amepokea wanafunzi wengine thelathini. Ujumbe wako ndio utakaomkumbusha.

Mtumie salamu mara moja au mbili kwa mwaka. Kila Ijumaa itakuwa kero.

## Hatua ya 7: Kipindi cha kati, baada ya kuhitimu

Kati ya kuhitimu na tangazo la kada yako inaweza kupita miezi mingi. Kuna mafunzo ya utarajali kwa wahitimu, yanayoratibiwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kwa miongozo ya kitaifa ya 2017. Huyafanya mhitimu kwenye taasisi ya umma au binafsi kwa muda maalumu, na hutoka na cheti.

Uyafanye ukijua kwamba hayakuahidi ajira, na kwamba posho, ikiwepo, ni ya nauli na chakula. Kujitolea ni hivyo hivyo. Dai barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kujitolea kusiko na mwisho humfaidi aliyekupokea kuliko wewe.

Kama kada yako ina bodi ya kitaaluma, kipindi hiki kitumie kusajiliwa au kufanya mitihani yake.

## Hatua ya 8: Jaza Ajira Portal kabla ya tangazo

Anwani ni portal.ajira.go.tz. Fungua akaunti moja tu, kwa namba yako ya NIDA, ujaze wasifu wote siku usiyo na haraka. Siku ya mwisho ya tangazo kila mtu yuko humo na mtandao hulemewa.

Makosa yanayowaondoa watu ni yale yale:

Vyeti visivyotakiwa. Karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, wala matokeo ya muda ya chuo, wala transkripti isiyokamilika. Weka cheti chenyewe na transkripti kamili. Nakala zithibitishwe na wakili au mwanasheria kama tangazo linavyoelekeza. Uliyesoma nje ya nchi, pata kwanza uthibitisho wa TCU, NACTVET au NECTA kulingana na ngazi.

Majina yanayopishana. Ndiyo sababu nilikuambia usome jina mapema. Panapotofautiana, utahitaji Deed Poll, yaani hati ya kisheria ya jina, iliyosajiliwa.

Barua isiyosainiwa. Iandike kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, uisaini kwa mkono, kisha uiskani. Jina lililochapwa si saini. Na barua ya kazi ya mwaka jana, yenye cheo kingine, usiipandishe; mchujaji husoma kichwa kabla ya kusoma jina lako.

Kuipa fildi jina lisilo lake. Wiki nane usiziite uzoefu wa kazi wa mwaka mmoja. Ziweke kwenye mafunzo. Nafasi za kuanzia kwa kawaida hudai elimu tu, kwa hiyo uongo huo haukusaidii chochote, ila unaweza kukufukuzisha baadaye.

Makazi ya zamani. Usaili wa mchujo siku hizi hufanyika mikoani, na mkoa wako hutokana na ulichojaza. Umehamia Mwanza na wasifu bado unasema Mbeya? Nauli itakuwa juu yako.

Umri wa mwisho kwa kawaida ni miaka 45. Mwenye ulemavu aeleze kwenye wasifu ili mazingira ya usaili yaandaliwe.

Dalili ya mafanikio: ombi linaonekana kwenye orodha ya maombi yako, na ukifungua kila kiambatisho kinasomeka kwenye simu bila kugeuza shingo.

## Hatua ya 9: Usaili

Usisubiri kupigiwa simu. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hutoka kwenye tovuti ya Sekretarieti. Ukiona jina lako, ingia kwenye akaunti unakili namba ya mtihani. Anayekupigia kusema "jina lako limepita, tuma kidogo likamilike" ni tapeli.

Siku hiyo beba kitambulisho: cha NIDA, cha mpiga kura, hati ya kusafiria, leseni ya udereva au barua ya serikali ya mtaa. Beba vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa. Chakula, nauli na malazi ni juu yako.

Mchujo wa kuandika hutangulia, na kwa baadhi ya kada hufanyika kwenye kompyuta. Kada kama udereva, uandishi mahsusi na TEHAMA huwa na usaili wa vitendo. Mahojiano huja mwisho. Rudia ule ukurasa wa majukumu wa hatua ya 1, na zile kazi kumi zenye sheria zake. Ukiulizwa swali la mahojiano, anza na ulichokifanya, malizia na sheria. Wengi hufanya kinyume, wakaishiwa pumzi kwenye namba ya kifungu.

Kama umefaulu lakini nafasi zimejaa kwa walio juu yako, unabaki kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kituo nafasi ikipatikana. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo, na endelea kufuatilia majina ya waliopangiwa vituo hata baada ya kukata tamaa.

Barua ya kupangiwa kituo ina muda wa kuripoti. Ukiipata, hesabu siku, safiri na vyeti halisi, na usiogope jina la wilaya usiyoijua. Asubuhi ya kwanza utaelekezwa masijala, umkabidhi mtu barua yako. Ataigonga muhuri, ataipa folio, na jalada litapanda juu. Wewe utakuwa umekaa kwenye benchi, ukijua liko kwa nani.